Mkutano wa Mtandaoni na Mjumbe Asiyeona: Mwongozo kwa Wenyeviti, Makatibu na Wajumbe

Aitaye watu kikaoni hujitwika dhamana mbili: kuwafikishia wote habari kwa usawa, na kumpa kila mmoja wasaa wa kunena kabla shauri halijakatwa. Katika ukumbi wenye kuta na viti dhamana hizo zina ada zake zilizozoeleka; lakini tangu vikao vya vyama vya ushirika, vya kamati za shule, vya idara za vyuo na vya jumuiya za wenzetu walioko ughaibuni vilipoanza kufanyika kwa Zoom, Microsoft Teams na Google Meet, mjumbe asiyeona aghalabu huhudhuria kwa jina tu, ilhali sehemu kubwa ya yanayojadiliwa hupita juu ya skrini pasipo kumfikia. Kasoro hii haitokani na akili yake, wala, mara nyingi, haitokani na mashine yake. Hutokana na mwenendo wa kikao, na kwa kuwa mwenendo wa kikao umo mikononi mwa mwenyekiti, katibu na wajumbe wenziwe, dawa yake pia imo mikononi mwao, nayo haigharimu fedha.

Dawa hiyo ina kanuni mbili, na msomaji atakayezishika atakuwa amepata kiini cha mwongozo huu: kinachoonwa kisemwe, na kinachosomwa kitangulizwe. Yafuatayo yote ni ufafanuzi wa kanuni hizo.

Jinsi asiyeona anavyoitumia mashine

Mtu asiyeona huitumia kompyuta au simu kwa msaada wa programu ya kusoma skrini, ambayo huyachukua maandishi na majina ya vitufe ikayageuza kuwa sauti au, kwa mwenye kifaa chake, kuwa nukta nundu zinazopapaswa kwa vidole. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, mtu asiyeona, kisha ikaendelezwa naye pamoja na James Teh, asiyeona mwenziwe, hutolewa bure kwa kila mwenye kompyuta ya Windows, na ndani yake imo sauti ya eSpeak NG iwezayo kusoma Kiswahili. JAWS ni kongwe kuliko hiyo, nayo huuzwa. VoiceOver imo katika simu za iPhone na kompyuta za Apple, na TalkBack imo katika simu nyingi za Android. Mwenye kutumia programu hizi hahitaji kipanya: kwenye kompyuta husogea kwa kitufe cha Tab na kwa vitufe vya mishale, na kwenye simu hutelezesha kidole juu ya kioo, akasikia jina la kila kitu anachokifikia, kisha akagonga mara mbili kukichagua.

Katika utaratibu huo yamo mambo mawili yaliyo asili ya takriban mashaka yote ya kikaoni. La kwanza ni kwamba programu kwa kawaida husoma herufi, wala haisomi picha. Na skrini anayoionyesha mtoa mada huwafikia wengine ikiwa picha inayotembea, hata kama kwake yeye mwenyewe ni waraka wenye maneno elfu. Maneno hayo yote kwa asiyeona ni kimya kitupu. La pili ni kwamba jicho laweza kuutazama uso wa msemaji, jedwali na ujumbe ulioingia pembeni kwa mkupuo mmoja, bali sikio hupokea kwa zamu. Hivyo kila mashine inapotangaza kwamba fulani ameingia, fulani ametoka na fulani ameandika, mjumbe huwa kama mtu anayesikiliza hotuba huku jirani yake akimsomea barua sikioni. Atakayeyaweka moyoni mambo haya mawili ataweza kukisia mengi ambayo mwongozo hauwezi kuyataja.

Kabla ya mkutano

Anza kwa kumuuliza mwenyewe. Usimuulize mkewe, wala dereva, wala mwenziwe anayekaa naye ofisini. Muulize yeye, kwa staha na kwa uwazi, anatumia simu au kompyuta, anatumia programu gani ya kusoma skrini, na nyaraka angependa kuzipata kwa namna ipi. Na kwa kuwa wako watu ambao uoni wao ni hafifu nao hawajapenda kulitangaza jambo hilo, katibu atie katika kila mwaliko sentensi moja ya kuwakaribisha wote waeleze mahitaji yao mapema, ili asiwepo anayelazimika kujipambanua mbele ya hadhara.

Mwaliko wenyewe uwe wa maandishi. Ada imeenea katika makundi yetu ya WhatsApp ya kualika watu kwa tangazo la picha lililopambwa kwa rangi na nyuso za wazungumzaji, ambamo tarehe, saa, namba ya kikao na neno la siri vyote vimechorwa ndani ya picha. Asiyeona aghalabu hupata humo neno moja tu: picha. Wapambaji wasikatazwe kupamba. Lakini chini ya picha yaandikwe maneno yote kwa herufi za kawaida, pamoja na kiungo ambacho mtu akikigonga huingia moja kwa moja bila kuandika namba wala neno la siri.

Nyaraka nazo zitumwe angalau siku mbili kabla, kwa sababu anayesoma kwa sikio hawezi kuupitishia waraka macho juu juu wakati mwenyekiti anazungumza. Ni sharti awe ameusikiliza kabla, faraghani, na kuzitia maanani takwimu zake. Hapa liko kosa moja la kiofisi linalostahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ni la kila siku: waraka huchapwa, ukatiwa saini na muhuri, ukapigwa picha kwa skana, kisha ukatumwa kama PDF. Kwa mwenye macho waraka huo ni halali na kamili. Kwa programu ya kusoma skrini aghalabu ni karatasi tupu, kwani herufi zake zimekwisha kuwa picha. Endapo muhuri ni wa lazima, tuma nakala mbili, ile yenye muhuri na ile ya asili ya Word ambayo ilichapwa.

Katika kuuandika waraka, vichwa vya habari vifanywe kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, visifanywe kwa kukoza wino tu, maana kwa mitindo hiyo msikilizaji huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na bila hiyo hana budi kusikiliza kurasa zote ili alifikie fungu la tano. Majedwali yawe sahili, yenye safu moja ya vichwa juu na pasipo visanduku vilivyounganishwa. Kila picha yenye maana iwekewe maelezo yake katika sehemu ya maelezo mbadala, nayo yaseme picha inafundisha nini: badala ya kuandika “chati ya mikopo”, andika kwamba mikopo ilipanda mwaka mmoja ikashuka mwaka uliofuata. Na kila slaidi iwe na kichwa chake.

Mwisho wa maandalizi, ikiwa programu ya kikao ni ngeni kwa mjumbe, mpe robo saa ya kuijaribu siku moja kabla, pamoja na mtu wa kumjibu, ili asije akatafuta kitufe cha kipaza sauti wakati wenzake wameshaanza ajenda.

Kufungua kikao

Katika ukumbi, mwenye macho akiingia huona papo hapo nani yupo. Asiyeona huzijua sauti za walioamkiana mlangoni. Mtandaoni salamu hizo hazipo, kwa hiyo mwenyekiti azirejeshe kwa kuwataja waliohudhuria, au kwa kumpa kila mmoja nafasi ya kusema jina lake na cheo chake, ikiwa idadi yao inaruhusu. Kisha aeleze taratibu: vipaza sauti vifungwe au viwe wazi, mikono iinuliwe kwa kitufe au kwa sauti, ujumbe wa maandishi utatumika au hautatumika, na kikao kinarekodiwa au hakirekodiwi. Alama nyekundu ya kurekodi inayowaka pembeni mwa skrini haitoshi kuwa taarifa kwa wote.

Katika mikutano yetu msemaji amekwisha kuzoea kuanza kwa kusema “Ndugu Mwenyekiti”. Ada hiyo njema na iongezewe jina: “Ndugu Mwenyekiti, ni Salma wa kamati ya mikopo.” Maneno machache kama hayo, yakisemwa kila mtu anapoanza kunena, humwondolea asiyeona kazi ya kukisia sauti zilizobadilishwa na mtandao dhaifu, na humsaidia pia katibu anayeandika muhtasari.

Kutoa mada

Hapa ndipo asiyeona hupoteza mengi zaidi, na hapa ndipo pa kukawia. Tuchukue mfano wa mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo, ambamo mweka hazina anaonyesha chati. Akisema, “Kama mnavyoona, hapa tulifanya vizuri, ila hapa pameshuka kidogo,” huwa amewaambia jambo wenye macho na hakumwambia lolote asiyeona. Lau angesema, “Chati hii ina nguzo tatu: mwaka 2022 tulikopesha shilingi milioni 40, mwaka 2023 milioni 65, na mwaka 2024 tukashuka hadi milioni 58,” wote wangepata habari moja kwa wakati mmoja, na mjumbe asiyeona angeweza papo hapo kuuliza sababu ya zile milioni saba zilizopungua. Angefaidika pia yule anayekisikiliza kikao ndani ya daladala kwa simu yenye kioo kidogo, na yule aliyezima picha ili bando lake lifike mwisho wa mkutano.

Kueleza kinachoonwa hakumaanishi kusoma kila neno la slaidi. Mtoa mada ataje kichwa cha slaidi, aseme hoja zake, ataje takwimu zinazobeba hoja hizo, na aeleze picha ikiwa picha ina kazi. Picha ya mapambo na aipite kimya. Maneno “hapa”, “pale”, “hii ya kijani” na “mstari huu wa chini” yabadilishwe kwa majina ya vitu vyenyewe. Ahamapo slaidi ataje namba yake, ili mjumbe aliyetumiwa nakala aweze kumfuata ndani ya nakala hiyo. Katika Microsoft Teams, slaidi zikionyeshwa kwa njia ya PowerPoint Live badala ya kuonyeshwa skrini nzima, programu ya kusoma skrini huweza kuzisoma zenyewe. Fadhila hiyo isiachwe pale inapopatikana.

Filamu fupi ikichezwa, mtu mmoja aeleze kwa maneno machache, kabla haijaanza, kutatokea nini ambacho sauti yake haikisemi.

Maandishi ya pembeni, kura na vyumba vidogo

Sehemu ya kuchati ni yenye faida, lakini ndiyo inayoliudhi sikio kuliko nyingine zote, kwa kuwa kila ujumbe uingiao huweza kusomwa kwa sauti juu ya sauti ya msemaji. Na mtu akituma vikatuni kumi vya makofi, mashine huweza kuvitamka kwa majina yake kimoja baada ya kimoja. Basi maandishi ya pembeni yatumike kwa maswali na viungo tu, pongezi zitolewe kwa kauli, na mwenyekiti amteue mtu wa kuusoma kwa sauti kila ujumbe wenye maana pindi msemaji anapotua: “Juma anauliza kama riba itabadilika.” Uamuzi wowote usijengwe juu ya maneno ambayo hayakusomwa.

Kura ikipigwa kwa kisanduku kinachojitokeza kwenye skrini, mwenyekiti asome swali na majibu yote, asubiri zaidi ya alivyozoea, kisha atangaze matokeo kwa tarakimu. Iwapo mjumbe hawezi kukifikia kisanduku hicho, apewe njia nyingine iliyokubaliwa mapema, yenye kumhifadhia siri ile ile ya kura waliyo nayo wenziwe. Kumwambia atamke kura yake mbele ya wote hali wengine wamepiga kwa siri si insafu.

Mbao za mtandaoni, ambazo juu yake watu hubandika vikaratasi vya rangi na kuvisogeza kwa kipanya, mara nyingi hazisomeki kwa sauti. Waraka wa kawaida unaoandikwa kwa pamoja, wenye vichwa na orodha, hufanya kazi hiyo hiyo kwa wote. Na kabla ya kuwagawa watu katika vyumba vidogo, waambie kwamba ujumbe wa kuwaalika utajitokeza, chumba kitadumu dakika ngapi, na watarejea vipi.

Vitufe vya kujua

Mwandalizi ni vema avijue vitufe hivi, ili aweze kumsaidia mtu kwa maneno yanayomfaa, kwani agizo la “bofya ile alama ya kipaza sauti chini kushoto” halimfai asiyetumia kipanya. Katika Zoom ya Windows, Alt na A hufungua na kufunga kipaza sauti, Alt na V hufungua na kufunga kamera, Alt na Y huinua na kushusha mkono, Alt na H hufungua sehemu ya kuchati, na Alt na U hufungua orodha ya waliohudhuria. Anayeingia kwa kupiga namba ya simu hubonyeza nyota na 6 kwa kipaza sauti, nyota na 9 kwa kuinua mkono. Katika Microsoft Teams, Ctrl, Shift na M ni vya kipaza sauti, Ctrl, Shift na O ni vya kamera, na Ctrl, Shift na K ni vya kuinua mkono. Katika Google Meet, Ctrl na D ni vya kipaza sauti, Ctrl na E ni vya kamera, na Ctrl, Alt na H ni vya kuinua mkono.

Mwenyekiti anapomwomba mjumbe afungue kipaza sauti, ombi hujitokeza kama kisanduku ambacho programu hukisoma kwanza. Ukimya wa muda mfupi unaofuata ni wa kazi, wala si wa kutojua. Asiharakishwe, wala zamu yake isipewe mwingine.

Kwa mjumbe asiyeona mwenyewe

Nawe ndugu usiyeona una sehemu yako katika amana hii. Vaa hedifoni, ili sauti ya mashine yako isiingie katika kipaza sauti. Wengi huacha sikio moja likiwa huru. Wakati wa hotuba nzito, kitufe cha Ctrl hukatiza kinachosomwa, na katika NVDA vitufe vya Insert na S hubadilisha hali ya usemaji hata mashine ikanyamaza kabisa. Katika Zoom, fungua mipangilio ya ufikivu uzime matangazo usiyoyahitaji, kama yale ya watu kuingia na kutoka. Kabla ya kuwasha kamera, mwombe unayemwamini akuambie kama uso wako umo ndani ya picha na kama mwanga uko mbele yako, si mgongoni. Utakapoonyesha skrini yako, usichague kushiriki sauti ya kompyuta, la sivyo wote wataisikia programu yako ikisoma. Na jambo likipita usilolielewa kwa sababu halikusemwa, litaje hapo hapo: “Ndugu Mwenyekiti, naomba chati isomwe.” Ombi hilo ni la haki, na ni la manufaa kwa wote.

Usiukatae uenyekiti ukiletewa. Taha Hussein wa Misri, aliyepofuka utotoni, alishika uwaziri wa elimu mwaka 1950, zama ambazo mashine hizi hazikuwapo. Mwenyekiti asiyeona anahitaji katibu wa kumwambia mpangilio wa mikono iliyoinuliwa, kwa kuisema wazi: “Wa kwanza ni Bi Rehema, wa pili ni Bwana Otieno.” Utaratibu huo huleta uadilifu, kwa sababu kila mtu huijua zamu yake, naye anayependa kurukia maneno hukosa nafasi.

Baada ya kikao

Muhtasari utumwe kwa namna ile ile ya nyaraka za kwanza, ukiwa maandishi halisi. Maneno ya sehemu ya kuchati, pamoja na viungo vyake, yahifadhiwe na yatumwe, kwa kuwa mengine hayakuweza kusikilizwa kwa wakati. Kisha katibu amuulize mjumbe, faraghani, nini kilimfikia na nini hakikumfikia, ayaandike majibu, na ayatumie katika kikao kinachofuata.

Haya yote si hisani ya mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, katika ibara yake ya 9 unazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kuzifikia habari na mawasiliano, teknolojia zake zikiwamo. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 54, inataja haki yao ya kufikia habari. Lakini sheria haiingii katika kila kikao cha kamati, wala haiwezi kumkumbusha mweka hazina aitaje namba iliyo mbele yake. Kazi hiyo ni yetu.

Na ukitaka kujua kama umeitimiza, usitosheke kwa kuwa mjumbe asiyeona alikuwapo, akasikia sauti zote na hakulalamika. Jiulize kama aliujua uamuzi pamoja na sababu zake wakati ule ule walipoujua wengine, na kama, akiwa na hoja ya kuupinga, alipata nafasi ya kuitoa kabla haujapitishwa. Jibu likiwa ndiyo, kikao chako kilikuwa cha wajumbe wote. Likiwa siyo, rudia mwongozo huu kabla hujatuma mwaliko mwingine.